Nani alikopa pesa ya uzee? Historia ya pensheni kuanzia reli ya Kalemie hadi Katanika

Hapa Katanika leo tunaweka pembeni kidogo habari za posho na za usalama wa njia. Kuna swali moja ambalo wazee wanalirudia kila mara. Je, mtu anaweza kukopa pesa ya pensheni yake kabla uzee haujafika? Au akiisha kufika uzeeni, anaweza kuweka pensheni kama rehani ili apate pesa ya kumjengea mwanawe nyumba ya matofali, au ya kumlipia mjukuu masomo?

Jibu la haraka ni hapana. Katika nchi yetu, Caisse Nationale de Sécurité Sociale, yaani CNSS, haimkopeshi mtu pesa ya uzee wake. Lakini mzee aliyekatwa mshahara miaka ishirini na mitano haridhiki na jibu la haraka, naye ana haki. Atauliza tena: pesa ni yangu, kwa nini nisiiguse? Na kama mimi siwezi kuigusa, mbona ilipotea? Hapo ndipo historia inaingia. Ukiifuata vizuri utaona kwamba pesa ya uzee ya Wakongo ilikopwa mara nyingi sana. Ni wenyewe tu ambao hawakupewa nafasi ya kuikopa.

Tuanze hapa nyumbani. Mji wetu kabla ya 1966 uliitwa Albertville. Uliota mizizi juu ya kazi ya mshahara. Kompanyi ya reli, CFL, iliundwa mwaka 1902, na mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ikafika ziwani. Pamoja na reli ikaja bandari, yakaja makaa ya mawe ya Lukuga, na baada ya vita kuu ya pili kikaja kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Watu walitoka Nyunzu, Kongolo, Manono, Moba, hata ng'ambo ya ziwa, kuja kutafuta kazi. Wengi wa wale wanaolala Katanika leo wana babu au baba aliyepitia mojawapo ya milango hiyo. Alirudi kijijini na baiskeli na mashine ya kushona, na pengine na buku ndogo yenye muhuri.

Buku hiyo tuitaje vizuri, kwa sababu zilikuwa aina mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ilikuwa ya akiba. Mwaka 1950 Wabelgiji waliunda benki ya akiba ya Kongo Belge na Ruanda-Urundi, ile ambayo baadaye iliitwa CADEZA wakati wa Zaire, na sasa ni CADECO. Pale mtu aliweka pesa kwa hiari yake na aliweza kuitoa. Ya pili ilikuwa ya pensheni. Dekreti ya tarehe 6 Juni 1956 ndiyo iliyoweka pensheni kwa wafanyakazi weusi. Kuanzia hapo sehemu ya mshahara ilikatwa kabla mtu hajaushika, mwajiri akaongeza yake, na jumla ikaenda kwenye mfuko mmoja wa wote.

Neno la kushika ni hilo: mfuko mmoja wa wote. Mfanyakazi wa Kongo hakuwa na sanduku lake binafsi lenye jina lake. Pesa aliyokatwa dereva wa treni leo ilitumika kumlipa mzee aliyeacha kazi jana, naye dereva alisubiri kwamba kesho vijana watamlipia yeye. Ni kama kuchimba kisima cha kijiji: unachimba ukiwa na nguvu, unateka ukiwa mzee, lakini huwezi kwenda na ndoo yako kudai maji uliyoyachimba mwaka fulani. Kwa hiyo hata kama sheria ingetaka kumruhusu mtu akope, angekopa kutoka wapi? Hakuna sanduku lake. Kuna haki yake tu, na haki hiyo inafungua siku ya uzee, au siku ya ulemavu, au siku ya kifo kwa ajili ya mjane na watoto.

Ng'ambo ya ziwa Waingereza waliacha njia nyingine. Tanganyika, ile nchi ambayo leo tunaiita Tanzania, ilipitisha sheria ya mfuko wa akiba ya wafanyakazi mwaka 1964. Kenya ikafuata mwaka 1965 na NSSF yake, Uganda mwaka 1967. Huko kila mfanyakazi alikuwa na hesabu yake, pesa zake zikihesabiwa na riba juu yake, na uzeeni akipewa zote kwa mara moja. Ndugu wawili, mmoja akifanya kazi bandari ya Kigoma na mwingine bandari ya Kalemie, wakitazamana juu ya maji yale yale, walikatwa mshahara kwa fikra mbili tofauti kabisa. Tutarudi huko, kwa sababu ugomvi wa leo wa Dodoma, Kampala na Nairobi unatoka hapo.

Sasa tufike mwaka 1960. Kuna jambo moja la mwaka huo ambalo hapa kwetu halisemwi sana, na mimi naona lingepaswa kufundishwa shuleni. Tarehe 16 Juni 1960, wiki mbili tu kabla ya uhuru, bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya kuweka chini ya dhamana ya serikali ya Ubelgiji mifuko ya pensheni ya waajiriwa Wazungu wa Kongo na Ruanda-Urundi. Maana yake, lolote litakalotokea Kongo, serikali ya Bruxelles italipa. Mwaka 1963 wakaongeza sheria nyingine juu yake. Mzungu aliyekuwa mhasibu wa kompanyi hapa Albertville alizeeka akilipwa. Mfuko wa wafanyakazi weusi haukupewa dhamana ya namna hiyo. Ulibaki mikononi mwa nchi changa, na nchi hiyo ilianza kuungua baada ya siku tano.

Hata hivyo Wakongo wa wakati ule hawakukaa mikono mitupu. Tarehe 29 Juni 1961, katikati ya fujo zote, ilitoka dekreti-sheria iliyounganisha mifuko iliyokuwepo, ule wa pensheni, ule wa posho za watoto na ule wa ajali za kazini, ikawa INSS. Kwa pensheni, mfanyakazi alikatwa franka tatu na nusu juu ya kila mia, na mwajiri alitoa nyingine kama hizo. Kwa miaka kadhaa mambo yalienda. Mwaka 1967 ukaja zaire, pesa mpya: zaire moja kwa franka elfu moja za zamani, na kwa zaire moja ulipata dola mbili za Marekani. Wazee bado wanaizungumzia zaire ile kama mtu anavyomzungumzia mke wa ujana wake.

Mkopo mkubwa wa kwanza ulianza hapo, ingawa hakuna aliyeuita mkopo. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, biashara za wageni zikagawiwa, na nyingi zikafa mikononi mwa waliozipata. Duka au shamba linapokufa, mchango wake kwa INSS unakufa nalo. Mwaka 1974 CFL yetu iliunganishwa na reli nyingine za nchi ikawa SNCZ, ambayo tangu 1997 tunaiita SNCC. Kompanyi kubwa za serikali zikaanza kuchelewesha mishahara, na zikachelewesha zaidi michango. Hapa ndipo palipo kidonda. Kwenye karatasi ya mshahara ilionekana kwamba mfanyakazi amekatwa, lakini pesa haikufika INSS. Ilibaki kwa mwajiri, ikanunua mafuta ya treni, ikalipa vipuri, au ikapotea njiani. Mtu akichukua pesa yako akisema ataifikisha mahali, kisha akaitumia, hapa kwetu tunasema amekukopa bila kukuuliza.

Kisha pesa yenyewe ikaoza. Siku ya Noeli ya mwaka 1979, noti za zaire tano na zaire kumi ziliondolewa thamani kwa ghafla, na watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha. Mipaka ilifungwa. Waliokuwa mbali na benki, na huku kwetu karibu kila mtu alikuwa mbali na benki, walibaki na makaratasi ya kuwashia moto. Wafanyabiashara wa ziwani wanaikumbuka Noeli ile kuliko nyingine zote. Miaka ya 1980 bei zilipanda, na baada ya uporaji wa Septemba 1991 na ule wa Januari 1993 zilikimbia. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa zaire milioni tatu za zamani. Na tarehe 30 Juni 1998 ikaja franka ya sasa: moja kwa zaire mpya laki moja.

Fanyeni hesabu pamoja nami, na aliye na mwana wa shule karibu amwite ahakikishe. Tuseme mtu mwaka 1967 alikuwa na zaire elfu kumi kwenye buku yake. Zilikuwa sawa na dola elfu ishirini, mali ya tajiri kabisa. Asiongeze kitu, asitoe kitu. Mwaka 1993 gawa elfu kumi kwa milioni tatu. Zaire mpya moja ilikuwa na makuta mia. Mtu huyo angebaki na theluthi moja ya likuta moja. Benki ingemwekea riba kidogo, ndiyo, lakini riba gani ingeweza kushindana na sifuri sita? Na miaka mitano baadaye, hata hicho kidogo kilihitaji kugawanywa tena kwa laki moja. Lugha yetu imehifadhi neno makuta, tunalitumia tukimaanisha pesa, lakini makuta yenyewe yalikwenda.

Pensheni zilihesabiwa kwa pesa hiyo hiyo. Mzee aliyekuwa amepangiwa kiasi fulani cha zaire alibaki na namba ile ile wakati bei ya kilo ya unga inabadilika asubuhi na jioni. Wengi waliacha kwenda kuchukua, kwa sababu nauli ya kwenda ofisini ilikuwa kubwa kuliko pensheni. Hapo nani alikuwa mkopaji? Serikali iliyochapa noti ili kulipa matumizi yake. Kila noti mpya iliyotoka kwenye mashine ilinyonya kidogo kutoka kila buku ya akiba na kila pensheni ya nchi nzima. Wataalamu wana majina yao ya kitu hicho. Mzee wa reli anajua tu kwamba aliweka ng'ombe akarudishiwa mkia.

Vita vikamalizia. Agosti 1998 Kalemie ilishikwa na RCD, na hadi serikali ya umoja ya 2003 mji wetu ulikuwa upande mmoja wa mstari wa mapigano na Kinshasa upande mwingine. Aliyestaafu katika miaka ile alistaafu mbele ya mlango usio na mtu ndani. Kiwanda cha Filtisaf kilinyamaza, na makaa ya Lukuga yakabaki historia.

Baada ya vita ulikuja wakati wa kulipwa kwa mkupuo, na hapa tunakaribia zaidi swali letu la kukopa. Kule kusini, Gécamines mwaka 2003 iliwaondoa wafanyakazi wake 10,655 kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, kwa pesa za Benki ya Dunia. Kila mmoja alipokea kiasi chake mara moja, maelfu kadhaa ya dola, baada ya miezi mingi bila mshahara. Wengine walinunua nyumba waliyokuwa wakiishi, wengine wakafungua duka, wengine wakalipa madeni ya dawa na ya shule, na kabla ya mwaka kwisha pesa ilikuwa imepita. Kwa reli pia, mradi wa usafiri ambao Benki ya Dunia iliuanza mwaka 2010 uliweka fungu la kuwapumzisha wazee waliokuwa wamepitisha umri lakini bado wako kwenye orodha, kwa sababu SNCC haikuwa na pesa ya kuwaaga. Wazee wa Kalemie wanaijua kungoja hiyo: huwezi kuacha kazi kwa sababu ukiacha hutalipwa, na ukibaki hulipwi vilevile.

Mimi siwalaumu waliokula pesa ya mkupuo. Mtu mwenye njaa ya miaka kumi hawezi kupokea pesa ya miaka ishirini akaila kidogo kidogo. Lakini kuna somo la hesabu pale ambalo nchi jirani zinabishana nalo hadi leo.

Tanzania, mwaka 2012, sheria ilipobadilishwa ili mtu asiweze tena kuchukua michango yake yote anapoacha kazi kabla ya uzee, wafanyakazi wa migodini walikuja juu, kwa sababu kazi ya mgodi ni ya mkataba na leo upo kesho haupo. Wao waliita ile haki fao la kujitoa. Mwaka 2018 ukazuka ugomvi mwingine, wa kikokotoo, yaani hesabu ya kiasi gani mstaafu achukue mara moja na kiasi gani alipwe kila mwezi. Serikali ilitaka mkupuo uwe asilimia 25, walimu na watumishi wakalia, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akaamuru hesabu za zamani zirudi kwa muda. Uganda, baada ya mvutano mrefu kati ya bunge na rais, sheria mpya ilitiwa sahihi mwanzoni mwa 2022: mwanachama mwenye miaka 45 ambaye amechangia miaka kumi anaweza kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla ya uzee. Kenya ilienda kwa njia ya nyumba. Tangu 2009 mwanachama anaweza kuweka hadi asilimia 60 ya pesa yake ya uzee kama dhamana ya mkopo wa nyumba, na tangu 2020 anaweza kutoa hadi asilimia 40 ili anunue nyumba ya kuishi, mradi kiasi anachotoa kisipite shilingi milioni saba.

Mnaona tofauti. Wao wanaweza kubishana juu ya kukopa kwa sababu kila mmoja ana sanduku lake. Sisi kisima chetu ni cha wote.

Na kuna ndugu zetu walio mbali zaidi. Familia nyingi za hapa zina mtu aliyekimbilia Nyarugusu, kule Kasulu, tangu 1996, na kutoka huko akapelekwa Marekani. Wengi huko wanafanya kazi viwandani, kwenye nyama au kwenye maghala, na mwajiri anawawekea hesabu ya uzee inayoitwa 401(k), jina linalotoka kwenye kifungu cha sheria ya kodi ya mwaka 1978. Huko kukopa kutoka kwenye uzee wako kunaruhusiwa, kama mpango wa mwajiri unakubali. Mara nyingi unaweza kuchukua hadi nusu ya kilicho chako, bila kupita dola 50,000, na kukirudisha ndani ya miaka mitano kwa kukatwa mshahara. Riba unajilipa mwenyewe. Inaonekana tamu. Uchungu uko kwingine: pesa iliyotoka haizai wakati iko nje, na ukipoteza kazi kabla hujamaliza kurudisha, kilichobaki kinahesabiwa kwamba umekitoa. Hapo unalipa kodi, na ukiwa hujafika miaka 59 na nusu kuna asilimia kumi ya adhabu juu yake. Nalisema hili kwa sababu simu zinatoka hapa Katanika kwenda huko: nyumba imeungua, mtoto ni mgonjwa, tuma. Yule wa Marekani hasemi siku zote ametoa wapi. Huenda pesa iliyonunua mabati yako imetoka kwenye uzee wake. Ni vizuri kuomba ukijua hivyo.

Turudi nchini. Sheria ya zamani ya 1961 ilidumu miaka 55. Tarehe 15 Julai 2016 ilitoka sheria mpya ya usalama wa jamii, na mwaka 2018 INSS ikageuzwa kuwa CNSS. Umri wa pensheni ukawa miaka 60 kwa mwanamume na mwanamke. Mchango wa pensheni ukapanda: asilimia tano kwa mfanyakazi na tano kwa mwajiri. Kwa watumishi wa serikali, kama walimu na watu wa ofisi, uliundwa mfuko wao, CNSSAP, kwa dekreti ya Desemba 2015. Kabla ya hapo pensheni yao ilitoka moja kwa moja kwenye hazina ya nchi, pale hazina ilipokuwa na kitu. Ndiyo sababu shuleni kwetu mnaona mwalimu mwenye mvi zote bado ameshika chaki.

Lakini mahali ambapo mlango wa halali umefungwa, watu wanafungua dirisha. Dirisha la Kongo linaitwa banki Lambert. Banque Lambert ya kweli ilikuwa benki ya familia ya matajiri kule Bruxelles; hawakujua kamwe kwamba jina lao litaishia kwenye midomo ya wakopeshaji wa mitaa ya Kongo. Unajua inavyokwenda. Mshahara au pensheni inachelewa, mtoto ana malaria, unamwendea mwenye pesa. Anakupa franka elfu hamsini, na mwisho wa mwezi anataka elfu sabini na tano. Kama rehani anachukua kadi yako ya benki na namba yake ya siri. Siku pesa inapoingia, yeye ndiye anayekuwa wa kwanza kwenye mashine. Anatoa yake, anakupa mabaki, na kwa kuwa mabaki hayatoshi, unakopa tena siku hiyo hiyo.

Huko ndiko kukopa kutoka kwenye pensheni kwa kweli, hapa kwetu. Si CNSS inayokupa, ni mtu mwingine anayekula uzee wako mwezi kwa mwezi. Kwa sheria, pensheni haipaswi kuuzwa wala kukamatwa na mdai wa kawaida, lakini mwenye kadi na namba ya siri hahitaji karatasi ya hakimu. Mhami ndiye anayebanwa zaidi. Aliyekimbia machafuko ya 2016 na 2017 kutoka njia ya Nyunzu au vijiji vya territoire ya Kalemie hana shamba la kuweka rehani, hana mbuzi, nyumba yake haipo. Kitu pekee cha thamani alichobaki nacho ni jina lake kwenye orodha ya malipo. Anayepewa kitambulisho cha mwenzake kama rehani anajua vizuri anachoshika.

Kuna njia nyingine ambayo wanawake wa Katanika wanaifahamu kuliko mimi. Kwanza likelemba, ile ya kupeana kwa zamu, ambayo ni ya zamani kuliko benki zote tulizozitaja. Kisha AVEC, vikundi vya akiba na mkopo vya kijijini. Namna hii ya vikundi ilianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa Maradi pamoja na shirika la CARE, ikaenea Afrika nzima hadi kufika kwenye makambi. Watu kama ishirini na tano, sanduku moja, makufuli matatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Kila juma unanunua hisa. Ukitaka kukopa, unapewa hadi mara tatu ya hisa zako, na riba unayolipa inabaki sandukuni. Mwisho wa mzunguko, karibu mwaka mmoja, mnagawana akiba na faida.

Tazameni vizuri: hiki ndicho wanachokifanya wale wa Marekani, kukopa kutoka kwenye pesa yako na kujilipa riba. Tofauti ni kwamba mnafanya wote pamoja, na macho ishirini na tano yanaangalia. Na kuna udhaifu wake pia, tusifichane. Mzunguko unaisha kwa mwaka, na uzee hauishi kwa mwaka. Wakati wa kugawana, karibu kila kitu kinaliwa: nguo za Noeli, ada ya shule, deni la duka. Sijaona kikundi kinachomwekea mzee fungu ambalo halivunjwi. Na pesa ni franka, na franka tumeshaona historia ya mama yake zaire. Vikundi vingine vinanunua mahindi baada ya mavuno na kuyauza bei ikipanda. Kwa fikra zangu hilo ni wazo zuri kuliko noti zinazokaa sandukuni, ingawa panya nao wana kikundi chao.

Sasa kwa wale ambao katika familia yao kuna mtu aliyewahi kukatwa mshahara, hata kama amefariki. Pensheni ya uzee si ya mwenyewe tu. Mjane na watoto wadogo wana sehemu yao katika sheria, na aliyechangia miaka michache isiyotosha pensheni ya kila mwezi anaweza kustahili malipo ya mara moja. Karatasi zilizoungua kijijini si mwisho wa habari, kwa sababu mwajiri alipaswa kuandika wafanyakazi wake na kila mmoja kuwa na namba. Mkienda CNSS msiseme tu baba alifanya kazi reli. Semeni jina lake lote kama lilivyoandikwa wakati ule, pamoja na jina alilotumia kabla Mobutu hajafuta majina ya Kikristo mwaka 1972, kwa sababu faili nyingi zilifunguliwa kwa majina yale. Semeni kompanyi kwa jina la wakati wake: CFL, au SNCZ, au Filtisaf. Semeni miaka, hata kwa kukadiria, na kazi aliyofanya na stesheni aliyokaa. Kama kuna mwenzake aliyefanya naye kazi ambaye bado yuko hai, mwende naye. Na kitambulisho chenu, kama kiko kwa mkopeshaji, kikomboeni kwanza.